Fomu Namba 4118 na Nafasi Iliyoachwa Wazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwachelewesha wenzake kwenda kunywa chai, mpima volti wa maabara hii anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Hatimaye maabara itapumua. Wasifu huu wa jarida la maabara ulipaswa kuandikwa na wenzake, lakini wote walisema hawana maneno, watu ambao kantini haijawahi kuwaona wakinyamaza. Kazi ikamwangukia mjukuu wake, yaani mimi. Nasoma kwa lugha mbili na zote hunikimbia mbele za watu, kwa hiyo bora niandike.

Alianza na pasi na redio. Miaka tisa iliyopita zikaja sigara za kielektroniki, zile zenye kitufe cha kupandisha na kushusha volti. Wenzake walizipima zikiwa zimelala: unagusisha nyaya za mita, kioo cha sigara kinasema 4.8, mita inasema 4.8, unagonga muhuri, unawahi chai. Yeye aling'ang'ania kwanza kifaa kifungwe koili, ule waya wa kuchomea, kipate joto, kibebe mzigo, yaani kifanye kazi kama kinavyovutwa, ndipo apime. Ile 4.8 ikawa 3.6. Chai ikapoa. Wakamwita Bwana Mzigo.

Meneja, mtu mwenye mapenzi makubwa na ratiba, alikuwa akichungulia mlangoni.

"Mzee, yote hayo ya nini? Si kioo kinasema chenyewe?"

"Kioo kinasema kilichofundishwa kusema, mkubwa."

Na shehena nzima ikarudi ilikotoka.

Kuhusu fomu, ndiyo usiseme. Dada wa masjala aliwahi kurudishiwa fomu moja mara tatu kwa sababu ya nukta. Ndiyo maana mwezi uliopita ofisi ilifurahi bila aibu: fomu namba 4118, mwandiko wake mwenyewe, na nafasi ya jina la mmiliki iko wazi kabisa. Ikabandikwa ubaoni. "Bwana Mzigo kachoka," wakasema, kwa huzuni kubwa, wakicheka. Meneja naye akaamua kwamba kile cheti cha kutowahi kukosea fomu, kilichokuwa kisomwe kwenye hafla ya kumuaga, sasa kisisomwe, kwa ajili ya haki. Babu hakujitetea. Aliomba sukari tu.

Hapa inanibidi niseme.

Sigara ya kielektroniki iliyopimwa kwenye fomu hiyo aliikuta ndani ya soksi zangu, akitafuta betri ya tochi. Tunakaa naye nyumba moja. Mama alikuwa jikoni, hatua sita, na neno moja la babu lingetosha kunimaliza. Hakusema. Aliitia mfukoni, kesho yake akaipima kazini, kwa sababu hajui kutazama kitu bila kukipima, wala kupima bila kujaza fomu. Jioni nikakuta nakala juu ya daftari langu la hisabati. Kioo: 3.4. Mita, chini ya mzigo: 4.1. Maelezo: kitufe cha kushusha ni pambo. Uamuzi: haifai.

Na mimi kila mara niliiweka 3.4, nikijiona mtu wa kiasi. Koo likiwaka, nilisingizia vumbi la chaki.

"Babu, mmiliki hujamwandika," nikamwambia.

"Naona. Kalamu iliishiwa wino."

Chini ya nafasi hiyo sahihi yake ilikuwa imekolea, wino uleule.

Basi masjala ipokee marekebisho. Fomu namba 4118, jina la mmiliki: mjukuu wa mpimaji. Mama atakuwa ukumbini Ijumaa na nakala ya jarida hili mkononi, kwa hiyo naomba nikae karibu na mlango. Meneja, fomu sasa imekamilika. Tafadhali ibandue ubaoni, na cheti kisomwe chote, pamoja na nukta zake.

Babu, asante kwa kazi yako, na kwa wino ulioisha pale tu ulipohitajika. Tunakuombea mapumziko marefu na chai ya moto. Birika la nyumbani linadai linachemsha kwa dakika tatu, na mpaka leo hakuna aliyelipima.