Panga Laini la Wakili Israeli

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme hili halitatoka nje ya mlango huu, maana Keziya naye aliapishwa hivyohivyo kwa jina la mama yake, akaishika siri toka sokoni mpaka kisimani tu. Haya. Ni miaka ile vijana wamerudi kutoka Bama, vita vya Wazungu na Wajapani. Keziya alikuwa akiuza kahawa pale Itungi ziwani, kando ya banda la mumewe Ambokile, mhunzi, na wateja wake walikalia gogo moja, hawaondoki mpaka chungu kikauke. Asubuhi hiyo alimimina kahawa kwa hasira, nusu ikimwagika chini. Israeli, aliyeitwa Wakili kwa kupenda kushitaki watu, alisimama mbele ya gogo akipunga panga lililopinda kama ganda la ndizi.

— Mara ya pili hii! — alifoka. — Nimekata mgomba, jamani, mgomba, panga likalala! Kesho naenda baraza la chifu. Mhunzi mwongo anyang'anywe mivukuto, ahame Itungi!

— Gwe, wewe Israeli! — akasema Keziya. — Mara ya kwanza si mume wangu alilipika upya bure? Uliondoka hapa linachana magogo!

— Lilichana siku hiyo. Mbona jana halikuchana?

Ambokile akatoka bandani, akalipitishia tupa. Tupa ikauma kama inakwangua boga.

— Hili silo nililokupa — alisema. — Nililifua kwa springi ya lori. Nikalipasha likawa jekundu, nikalizamisha majini ghafla, likawa gumu la kuvunjika kama chungu. Nikalirudisha motoni kidogo tu, mpaka rangi ya asali, lisikatike. Likiiva tena jekundu, likapoa polepole majivuni, kazi yangu yote imekwisha. Umeliweka motoni?

— Motoni? Mwanamume mimi nifuate nini jikoni?

Ezekia, aliyepigana kule Bama mpaka akaitwa Bama, akapuliza kahawa yake.

— Kosa ni springi. Imezoea kubeba mizigo barabara ya Tukuyu. Hata ukiifanya panga, inajidhani bado iko chini ya lori. Ikiguswa, inainama.

— Acha lori — alisema Lazaro Stima, kuli wa zamani wa melini. — Ni maji. Kazamisha kwenye maji ya ziwa. Haya yametoka Nyasaland huko, yamefika yamechoka.

— Basi niseme kweli — Bama akashusha sauti. — Ni serikali. Wazungu walituona na mapanga kule vitani, wakaogopa. Sasa chuma kinatiwa dawa bandarini, kilainike kikifika kwa mtu mweusi.

— Na majembe je? — Stima akauliza.

— Majembe wameyaacha. Wanataka mpunga.

— Wanaume wazima! — Keziya akapiga kata kwenye chungu. — Jina la mume wangu linazikwa, ninyi mnakunywa kahawa yangu na kuhadithiana lori!

Hapo Felista, mfinyanzi wa Kikisi, akapanda kutoka mtumbwini na vyungu vyake. Alitaka tu kikombe kimoja, na Keziya akampa. Akaliona panga, akaliinua karibu na pua.

— Ndaga, asanteni jamani. Mbona linanuka samaki, mbasa wa ziwani?

Israeli akampokonya.

— Tutaonana barazani! — akaondoka.

Walibishana juu ya mbasa mpaka jua likawa utosini. Keziya alikuwa akikung'uta mashapo ya mwisho ya kahawa alipoona moshi nyuma ya migomba ya Israeli, na upepo ukamletea harufu ya mbasa. Hakumwita mtu. Alikwenda na kata yake mkononi, na gogo zima likamfuata.

Israeli alikuwa amechuchumaa. Panga limelazwa juu ya makaa, jekundu kama pilipili, na juu yake mbasa mnene anachuruzika mafuta. Lilikwisha kulainika, labda alijiambia, litaharibika nini tena?

Bama na Stima walikuwa rika lake. Na kule mtu hali peke yake; anaita rika lake, asipowaita anaanza kusemwa mchawi.

— Gwe! — Bama alipiga kelele. — Tangu mavuno unakula kwangu na kwa Stima, kwako eti hakuna kitoweo!

— Na mwongo ni mume wangu? — Keziya akamsimamia kichwani. — Sema hapahapa, wote wasikie. Nani ameliua panga?

Kinywa cha Israeli kilikuwa kimejaa. Akalitazama panga, akawatazama wenzake. Akameza.

— Karibuni — alisema.