Bah Khrawbor, Aliyesemwa Kaoa Gitaa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na moto, na mwenye tambuu atafune. Leo tunamkumbuka kaka yetu, Bah Khrawbor Nongsiej, mpiga gitaa la besi, mkazi wa Mawkhar hapa hapa Shillong. Amekwenda kula tambuu nyumbani kwa Mungu. Tulimzika Jumanne, mvua ikinyesha, na mliokuwepo mliona jinsi njia ya makaburini ilivyofurika watu.

Wengi mlimjua kwa besi yake. Gitaa kuukuu, la zamani kuliko yeye mwenyewe, rangi ya maziwa iliyochubuka hadi mbao zikaonekana. Vijana walikuwa na magitaa mapya yanayong'aa. Lakini Bah Khrawbor akigusa uzi mmoja tu wa lile kuukuu, sakafu ya kanisa ilikuwa inaitikia. Na wengi mnaujua utani uliomfuata maisha yake yote: "Huyu hakuoa mke, kaoa gitaa."

Mkewe, dada yetu Kong Philasuk Kharsati, alikuwa akicheka pamoja nao. Alicheka mdomoni tu, wapendwa. Utani ule ulimchoma zaidi ya miaka thelathini, na hakumwambia mtu.

Tuanze mwanzo. Gitaa lile lilikuwa la Bah Stodar, kaka yake Kong Phila. Bah Stodar alilinunua akiwa kijana, hajaoa. Alipooa akahamia kwa mkewe, Kong Trilian, kule Nongthymmai, na gitaa akaenda nalo. Kisha akafariki, bado mbichi kabisa. Bah Khrawbor akasikia kwamba mjane anauza gitaa. Siku hiyo hiyo akauza pikipiki yake. Akalinunua bila kubishana bei, akalibeba mgongoni na kutembea kwa miguu hadi Mawkhar, akitabasamu peke yake njia nzima.

Furaha ile haikumaliza wiki. Asubuhi moja mlango wake uligongwa. Ni Kong Phila, na mjomba wake nyuma na mwavuli.

"Bah, umenunua kitu cha watu," Kong Phila akasema.

"Nimenunua kwa mjane, Kong. Kwa halali."

"Mjane hana cha kuuza hapo. Kaka alilipata kabla hajaoa. Hilo ni la nyumba ya mama yetu."

Mnajua wenyewe, kwetu Wakhasi alichochuma kijana kabla ya kuoa ni mali ya nyumba ya mama yake, na nyumba ya mama hushikwa na binti wa mwisho. Binti wa mwisho ni huyo huyo Kong Phila. Mjane, kwa majonzi yake, alisahau. Bah Khrawbor, kwa uchu wake, hakuuliza. Ni kosa ambalo Mkhasi yeyote mwenye haraka angelifanya.

Mjomba akasema mjane arudishe fedha. Bah Khrawbor akakataa. "Ameshawanunulia watoto sare za shule. Tukawavue?" Akalifuta gitaa vumbi, akalikabidhi.

Kong Phila ametusimulia mwenyewe: "Macho yalimjaa machozi, mtu mzima yule! Nikamwonea huruma. Nikamwambia, basi njoo Jumamosi ulipige. Ila halitoki mlangoni."

Akaja Jumamosi. Akaja na iliyofuata. Alipiga sebuleni, akanywa chai ya rangi, akala putharo, ile mikate yetu ya mchele, kwa nyama ya nguruwe. Mama mzee alilalamika kwamba vyombo vinatetemeka rafuni, lakini Jumamosi ikifika ni yeye wa kwanza kuchungulia dirishani. Mwaka ukapita hivyo. Kong Phila akajikuta amempenda.

Hapo ndipo raha ilipomtoka. Kwa sababu amwoaye binti wa mwisho huhamia nyumbani kwa mke, na gitaa limo humo humo. Angejuaje, wapendwa? Angejuaje mwanamume huyu anakuja kwa ajili yake, au kwa ajili ya besi?

Akaamua kumpima. Jumatano moja, kwa idhini ya mjomba, alilipeleka gitaa Nongthymmai kwa wifi yake.

"Chukua, wifi. Nyumba imekupa. Sasa ni lako kabisa."

"Wewe una wazimu? Na yule bwana wako wa Jumamosi?"

"Si wangu. Ndiyo nataka nimjue ni wa nani."

Jumamosi ikafika. Bah Khrawbor akaja kama kawaida, nywele amezichana. Kona ya gitaa ilikuwa tupu. Hakuuliza. Alinywa chai, akazungumza habari za mvua na bei ya viazi, akaosha kikombe chake, akaaga. Jumamosi ya pili akaja tena. Na ya tatu. Baadaye wajomba wa pande zote mbili wakakutana, ndoa ikapangwa. Siku ya harusi Kong Trilian akaingia na gitaa mgongoni, akaliweka mbele ya maharusi. "Zawadi yenu," akasema. Watu wakaangua kicheko, na utani ukazaliwa papo hapo.

Mtasema, si alifaulu mtihani? Kong Phila hakuwa na hakika. Alijiambia kwamba siku ile mumewe alilifuata gitaa, akalikosa, akaona haya kuondoka. Na zile Jumamosi nyingine? Labda alitumaini litarudi. Na kweli lilirudi. Akamzalia mabinti watatu, akamuuguza kifua kilipomlemea, na swali halikumtoka. Mara nyingi lilifika ulimini, akalimeza. Aliogopa jibu.

Alhamisi, siku mbili baada ya maziko, waombolezaji walikuwa jikoni mchana. Mpwa mmoja akaurudia utani, kwa upendo tu. Kong Phila akasema, "Semeni. Ni kweli alilifuata gitaa."

Kong Trilian, bibi mzee sasa, akaacha kutafuna.

"Wifi, ina maana hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Alikuja kwangu Ijumaa ya wiki ile uliyoniletea gitaa, siku moja kabla ya hiyo Jumamosi yako. Alikuja kunipasulia kuni, kama alivyozoea. Akaliona gitaa. Nikamwambia, Bah, lichukue, ulilinunua kwa jasho lako, na mimi nimepewa, nakupa. Akalipiga kidogo. Kisha akalirudisha mahali pake. Akasema, 'Kong, nikiwa nalo kwangu, Jumamosi nitakwenda kwa Phila kwa kisingizio gani?' Akaniapisha nisiseme mpaka muoane. Nikajua amekwambia mwenyewe zamani!"

Kong Phila alijifunika uso kwa shali. Alilia sana. Mabinti walidhani ni machozi yale yale ya msiba, wakamshika mabega.

"Ningemuuliza tu," alituambia. "Chumba kimoja, miaka yote hiyo. Ningemuuliza tu, naye angenicheka."

Kong Phila, mabinti, ukoo wa Nongsiej na ukoo wa Kharsati, poleni. Poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayetusikiliza, kama lipo swali unaloogopa kumuuliza mtu wa nyumbani mwako, na mtu huyo bado yupo, amekaa hapo karibu nawe, basi izime redio hii. Tumebakiwa na dakika chache za muziki, lakini izime. Sisi hatutachukia.