Tabibu Machibya na Swali Alilochelewa Kuuliza

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu watumishi wa zahanati zetu. Mwangaluka, hamjambo na familia? Sisi hapa Kasoli ni wazima, ila mioyo mizito. Tarehe 30 Juni 1997 tabibu wetu Machibya anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne. Miaka kumi na saba kati ya hiyo nimefagia zahanati hii, ndiyo maana nimeambiwa niandike mimi, Philomena.

Alianza na baiskeli na sanduku la chanjo. Mizani ya watoto ilipoharibika, aliwapima kwenye mizani ya pamba ya ushirika, na kina mama wakawa wanataniana mtoto wa nani ni pamba safi na wa nani ni fifi, ile pamba chafu ya bei ya chini. Wanunuzi binafsi walipokuja na ghala la ushirika likafungwa, aliiomba mizani ile. Tunayo mpaka leo.

Lakini ameniomba nisiandike sifa tupu. Niandike habari za Salu.

Salu, mke wa Mboje, alianza kuanguka akiwa na miaka thelathini na minane. Tukaandika kifafa. Hapa kwetu mgonjwa wa kuanguka hakai foleni na watu. Wanaogopa mate yake. Kwa hiyo Mboje ndiye aliyekuja na kadi kila mwezi, pamoja na kamba ya katani yenye fundo moja kwa kila kuanguka. Machibya alihesabu mafundo. Yakizidi, anaongeza vidonge. Miaka mitatu.

Msimu wa pamba wa 1995 Mboje alikwama kwa mnunuzi, Salu akaja mwenyewe. Pale kwenye benchi kidole gumba cha kushoto kikaanza kucheza, kisha mkono, kisha mdomo, ndipo akaanguka. Watu walikimbia. Machibya alipiga magoti akamlaza ubavu. Mboje alipofika, akaulizwa kama huwa inaanzia mkononi.

"Toka siku ya kwanza, baba. Wewe uliniuliza ameanguka mara ngapi tu."

Nami nilishauona mkono ule ukicheza kisimani, mara mbili, nikanyamaza. Nilidhani mfagiaji hana la kumwambia tabibu. Mungu anisamehe.

Machibya alimpeleka Mwanza mwenyewe kwa basi, madaktari wa huko wakamtuma Dar es Salaam. Walikuta uvimbe kwenye ubongo, wa aina ambayo hata madaktari wale huiona kwa nadra, unaokua polepole. Ndio uliokuwa ukimwangusha. Wakasema umeshakuwa mkubwa mno kuutoa wote. Salu alifariki wiki moja kabla ya Pasaka iliyofuata. Machibya alikwenda kwa Mboje akasema kosa ni lake. Mboje alimpa kiti na uji.

Tangu hapo amewaita wote walioanza kuanguka ukubwani, kila mmoja na mtu aliyeona inavyoanza. Kadi kumi na moja. Hakuna aliyekutwa na uvimbe, na bado hajatulia, kwa sababu kadi za kwenu hajaziona.

Mzee Machibya, asante kwa mikono yako. Bwana akupe uzee wa amani huko Shishiyu, na ng'ombe wako wanenepe.

Nanyi ndugu, pekueni kadi zenu. Mkimpata mtu mzima ambaye kuanguka kwake huanzia mkono au mguu mmoja, tafadhali tujibuni mapema, kabla ya tarehe thelathini.