Nguzo Niliyoikata Mwenyewe

Wengine wakiitwa hapa mbele husimama. Mimi nitawasalimia nikiwa nimekaa, na sidhani kuna mtu hapa atakasirika. Hamjambo? Na nyinyi mliotoka Bisil asubuhi yote hii, sopa! Mwenyekiti wa kikundi chetu cha walemavu ameniambia niongee kidogo. Amesema kidogo kwa sababu ananijua.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa fundi wa mawe. Nilitoka Ukambani nikaja Kitengela wakati ploti zilikuwa zinauzwa kila upande na kila mwenye ploti anataka ghorofa. Nilioa, tukapata msichana. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya soko na tulikuwa sawa.

Mwaka uliofuata ile mvua ya El Niño, tulikuwa tunajenga ghorofa karibu na barabara ya Namanga. Tajiri mwenye jengo akaja, akasema nguzo moja ya chini inaziba mlango wa duka, haipendezi, ikatwe. Nikamwambia, "Mkubwa, hiyo ndiyo imebeba nyumba." Akaniangalia viatu kwanza, halafu uso. "Wewe umeletwa hapa kujenga ama kuongea?" Wakaikata. Mchana huo nilikuwa juu na wenzangu wawili, slabu, ile sakafu ya zege, ikaondoka chini ya miguu yetu. Mmoja nilimsikia akiita mama yake, halafu nikaacha kumsikia. Wote wawili walikufa. Mimi nikavunjika mgongo, na kutoka kiunoni kwenda chini sijasikia kitu tena hadi leo.

Wengi wenu hapa mliumia kazini, kwa hivyo sitawaeleza kitanda. Mnakijua. Mke wangu alinigeuza, akaniosha, akavumilia mpaka akakonda. Siku moja baba yake akaja na koti lake kubwa jeusi, akasimama mlangoni, hata chai hakunywa. Akasema, "Mtoto halelewi na kitanda. Siku utakuwa na kazi ambayo mimi nitaiona na macho yangu, nitakurudishia." Akawachukua wote wawili. Msichana wangu alikuwa ndio anaanza kuongea. Alinipungia mkono akifikiri wanaenda dukani.

Nilikaa miaka hapo ndani. Aliyenitoa ni jirani yangu, mama mmoja wa kutoka magharibi, alikuwa na cyber, duka la intaneti, pale steji. Wakati alinunua kompyuta mpya, alinibebea moja ya zamani mpaka kitandani, na modemu juu yake. "Acha kuhesabu mabati," akaniambia. "Shika hii." Ndani yake kulikuwa na programu ya kutengeneza tovuti. Ya bure. Haina tajiri. Watu wa nchi nyingi wanaiandika pamoja, na ukikwama kuna jukwaa lao kwenye intaneti, unauliza pale wazi kila mtu akiona, na mwenye kujua anajibu. Nilisoma kwa kidole kimoja. Mambo ya majukwaa niliyaogopa. Mwanaume mzima niulize mbele ya ulimwengu? Nilikuwa nachungulia tu majibu ya wengine.

Lakini nilijua. Kumbe nilijua kujenga! Nilitengeneza tovuti ya kanisa, halafu ya duka la hardware, halafu shule moja ya wasichana upande wa Kajiado ikaniita. Mwalimu mkuu alikuwa na ombi: wazazi wengi hawasomi Kiingereza, anataka kila neno kwenye tovuti liwe Kiswahili, na salamu za Kimaasai juu. Programu yenyewe ilikuwa na maneno ya Kiingereza kila mahali. Sikuuliza mtu. Nilifungua faili kuu, zile zinazobeba programu yote, nikafuta Kiingereza na kuandika Kiswahili juu yake, moja baada ya nyingine. Ilipendeza, wallahi ilipendeza.

Sasa, programu kama hiyo ina matoleo mapya. Wenyewe wakiona tundu ambalo wezi wanaweza kupita, wanaziba na kukwambia uweke toleo jipya. Mimi nikiweka, Kiswahili changu chote kinafutika. Nikaacha kuweka. Mara ya kwanza nikaacha, na zilizofuata pia.

Siku ya kuonyesha wazazi nilimwomba baba mkwe aje. Nilimtumia ujumbe: kuja uone kazi na macho yako. Na alikuja, jamani. Koti lile lile, akakaa mstari wa pili katikati ya wazee wenye shuka. Wasichana wa shule wamesimama pembeni wamevaa sare safi. Mimi niko mbele kwenye kiti changu cha magurudumu, projekta imeelekezwa ukutani. Nikabonyeza.

Hiyo picha siwezi kuitaja mbele ya mama zetu. Wezi walikuwa wameingia kwa lile tundu, wakafuta shule na kuweka uchafu wao ukutani, mkubwa kama mlango. Wasichana walipiga kelele. Mwalimu mkuu akang'oa waya kutoka kwa ukuta, akaniambia, "Toka. Toka na hicho kiti chako." Baba mkwe aliinuka taratibu, akapita karibu na mimi. "Mtoto atabaki kwetu," akasema, na hakugeuka.

Nilirudi nyumbani nikataka kufa. Nasema hivyo wazi kwa sababu najua kuna mtu hapa amelala na hayo mawazo jana. Niliacha kula, niliacha kujigeuza, vidonda vikafunguka. Yule mama jirani akaingia, akanusa, akafungua dirisha. Akaanza kuniosha na mdomo wake haukunyamaza. "Kufa utakufa tu, haraka ya nini? Lakini kompyuta yangu utairudisha ikiwa na akili. Waambie hao watu wako umeharibu nini. Waambie wazi!"

Nilimwambia aniache. Hakuniacha. Aliweka ile kompyuta kifuani mwangu, akasimama hapo mikono kiunoni.

Basi nikaandika. Kiingereza cha kuvunjika hivyo hivyo. Niliandika kwamba mimi ni fundi wa mawe nisiyetembea, nimekata faili kuu ili niweke lugha yangu, nimeaibisha shule, mtoto wangu nimempoteza, kwaherini. Nilipoandika hilo neno, nimekata, nikalisoma tena. Ndugu zangu, nawaambia, mimi niliyevunjwa na nguzo iliyokatwa, mimi niliyemwambia tajiri hiyo ndiyo imebeba nyumba! Nilikuwa nimeikata nguzo mwenyewe, kwa sababu ileile yake, kwa ajili ya kupendeza. Nililia mpaka mama jirani akanyamaza, na huyo mama hanyamazi.

Nilidhani watanicheka. Wa kwanza kujibu, mtu wa mbali ambaye sijui hata rangi yake, alisema, "Usiende popote. Sisi wote tulishawahi kukata hapo." Wa pili akauliza nilitaka nini hasa. Nikasema, maneno ya kwetu tu. Akanielekeza: kuna mahali pametengwa pa lugha, kando, hapagusi nguzo hata kidogo. Nikaenda kuangalia. Kifaransa kimejaa, Kijerumani kimejaa. Kiswahili, hakuna kitu, chumba kitupu na mlango wazi. Walikuwa wanangoja mtu.

Wakanisaidia kusafisha tovuti ya shule, tundu kwa tundu. Mwalimu mkuu aliipokea bila kunisalimia, na hiyo ni haki yake. Mimi nikaingia kile chumba. Wakaja wenzangu kutoka Tanzania, tukabishana juu ya maneno mpaka tukatukanana kidogo, tukapatana. Halafu watu waliotaka tovuti za Kiswahili wakaanza kunitafuta, hata wenye mashamba ya maua huko Isinya.

Baba mkwe sikumwita tena. Alikuja mwenyewe. Akakaa, akavua koti, nikaona amezeeka. Akaniambia mke wangu aliugua kifua, wamemzika msimu uliopita. Hawakuniambia. Ndio, mmesikia vizuri. Nilimpoteza mke wangu na sikutupa hata udongo. Halafu akauliza, "Bado unafanya hiyo kazi?" Nikamgeuzia kompyuta. Akasogea karibu, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Huyo mzee Kiingereza hajui. Alisoma mpaka chini. "Hii naelewa," akasema. Mwezi huo akamleta mtoto.

Asante, mama jirani, uko hapo nyuma unajificha. Asanteni nyinyi wa jukwaani ambao sitawahi kuwaona. Na nyinyi wenzangu, neno langu ni moja: ukiharibu, sema wazi, tena taja kitu chenyewe ulichokata. Aibu yake inauma, lakini ukikaa nayo peke yako inakumaliza.

Msichana wangu sasa ni mkubwa, ananipita kwa kimo nikiwa nimekaa hivi. Alipokuja hakunijua. Alikuwa ananiita "wewe," ama haniiti kabisa, na sikumlazimisha. Leo asubuhi ndiye amenisukuma mpaka hapa. Tulipofika kwa yale mawe ya hapo nje, kiti kikaanza kuyumba, nikasikia nyuma yangu, "Baba, shika vizuri."

Nikashika.