Miwani Anataka Kumtoa Mtoto Shule

Mbele ya kituo cha mafuta cha Harlow, mji mdogo wa jimbo la Oklahoma, Marekani, wenye taa moja ya barabarani, kuna benchi lililong'olewa kwenye basi bovu la shule. Asubuhi jua likishapanda, benchi lina wenyewe. Wa kwanza ni Dizeli, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamkatalia. Wa pili ni Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote, ila hakuna mechi ya Ijumaa anayokosa kumfokea refa. Wa tatu ni Verlin Stroud, wa zamu ya usiku kiwanda cha kuku. Huyu wanamwita Miwani kwa sababu miaka yote akipewa kitu asome, alikuwa anasema miwani ameisahau nyumbani. Hakuna aliyewahi kuiona hiyo miwani. Kahawa inatoka ndani ya kituo, na ikiisha imeisha.

Asubuhi hiyo Miwani alisema la moyoni bila kumwangalia mtu.

— Nafikiria kumtoa binti yangu Corrie shule. Nimwandikishe ile ya mtandaoni.

— Ya kulipia hiyo? aliuliza Kocha.

— Bure. Ni shule ya serikali hiyohiyo. Wanakuletea kompyuta kwenye boksi, mtoto anasomea nyumbani mwaka mzima. Mwisho wa kuandikisha ni kesho.

— Mtoe, alisema Dizeli. Basi la asubuhi la saa nzima ya nini? Halafu yale mazoezi yao ya kujificha kabatini taa zimezimwa, eti wajizoeze mtu akija na bunduki. Mjukuu wangu kaniuliza juzi kama viatu vyake vinavyowaka vitaa vitafanya aonekane.

Hapo hata Kocha alikunja uso. Lakini Kocha hakosi la kusema.

— Sawa, mzee. Ila fikiria. Leo anatoka Corrie, kesho anatoka wa jirani. Timu ya Ijumaa inabaki na watoto saba. Shule inafungwa. Shule ikifungwa, nani atanunua mafuta hapa? Kituo kinafungwa. Unajua mwisho wake? Hili benchi linauzwa.

— Corrie hachezi mpira, Kocha.

— Sijasema anacheza. Nasema ndiyo inavyoanza.

— Mimi nakwambia kitu kingine, Dizeli alidakia. Yule mwalimu wa kwenye kompyuta, una uhakika ni mtu? Mtoto wa mpwa wangu kasoma hivyo miaka miwili. Mwalimu hakuwahi kukohoa. Mwalimu gani hakohoi?

— Si ulisema nimtoe?

— Nimesema umtoe. Sijasema umwamini mwalimu.

— Na ile dansi ya kumaliza shule je? alisema Kocha. Atavaa gauni refu, acheze na nani? Na friji?

— Friji haikanyagi mtu vidole, alisema Dizeli. Si kama wewe ulivyomfanya marehemu dada yangu.

Walicheka. Miwani naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

— Lakini tatizo hasa nini? aliuliza Kocha. Wanamwonea?

— Mambo ya watoto tu, alisema Miwani.

Hakuwaambia. Mwezi uliopita shule iliwaita akina baba, kila mmoja na siku yake, waje kuwasomea watoto darasani. Wenzake walibeba vitabu vya picha, vya dakika tano, wakasoma wakapigiwa makofi wakaondoka. Yeye alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma, ukubwani, kwa mama mmoja wa maktaba, Jumamosi kwa Jumamosi, na alikuwa na furaha kama mtoto aliyepata baiskeli. Kwa hiyo alichagua kitabu kinene, cha farasi. Alivaa shati la kanisani. Alisoma sura nzima kwa kidole, neno kwa neno. Kengele ya mapumziko ikalia. Mwalimu akasema, asante sana Bwana Stroud. Akamjibu, bado kurasa chache tu, mwalimu, akaendelea. Ukimya ule alidhani ni utamu wa hadithi. Alipofika mwisho na kuinua uso, aliwaona watoto wamegeukia dirishani, wanawaangalia wenzao wakicheza nje. Mvulana mmoja nyuma alikuwa anapitisha kidole hewani, polepole sana, na waliokaa naye wanajibana wasicheke. Corrie alikuwa anaangalia meza.

Kurasa zile chache hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kufunga kitabu.

— Kiwandani ukirudi asubuhi utalala saa ngapi? Dizeli alikuwa anauliza. Maana hiyo shule lazima mtu mzima akae naye.

— Nitakaa naye.

— Wewe? alisema Kocha. Na miwani utakumbuka?

Hapo mlango wa kituo ukafunguka. Akatoka mwanamke wa makamo, ameshika kikombe cha bati. Ni Noreen, aliyehamia wiki iliyopita nyumba ya nyuma ya posta.

— Jamani, nipisheni nikae kidogo. Nimesikia mnazungumzia shule ya kompyuta. Wangu anasoma hiyo.

— Anakohoa mwalimu wake? aliuliza Dizeli.

— Anakohoa, ana paka, na paka anapanda mezani. Ni mwalimu mzuri. Noreen alipuliza kahawa. Wangu aliomba mwenyewe. Ilifika mahali asubuhi anatapika kabla ya basi kuja. Sasa anakula. Wako aliomba lini, kaka?

Miwani alikizungusha kikombe mkononi.

— Hajaomba.

— Hajaomba kabisa?

— Kila asubuhi anaenda. Anaimba kwenye kwaya yao. Ana rafiki yake mmoja pale, wanasukana nywele.

Kocha alimwangalia Dizeli. Dizeli aliangalia pampu za mafuta.

— Sasa yeye mwenyewe anataka nini, Miwani? aliuliza Kocha, na safari hii sauti yake haikuwa ya utani.

— Anataka nimfuate mstarini. Kwenye foleni ya magari, mbele ya shule, kama baba wengine.

— Kwani wewe unamfuatia wapi?

— Nyuma ya kanisa la Wabaptisti. Pale kwenye miti. Foleni ndefu, bwana, inapoteza muda.

— Foleni ya Harlow? alisema Dizeli. Magari kumi?

Akilini Miwani aliliona pikapu lake lilivyojificha nyuma ya ile miti tangu siku ya kitabu, na Corrie anakuja peke yake, anakata uwanja na begi mgongoni, anafungua mlango, anasema, shikamoo baba. Hajawahi kuuliza kwa nini. Ameomba tu ile foleni, mara moja, na alipoambiwa hapana alifunga mkanda wa gari.

— Kutoka shuleni mpaka kanisani ni mbali, alisema Noreen taratibu, kama mtu anayeupima mji asioujua. Siku ya mvua anafanyaje?

Dizeli aliinua kikombe chake, kilikuwa kitupu, akakishusha. Miwani aliangalia lami. Jana ilinyesha kutwa.