Bi Ishbel Gillanders na Waita Dansi wa Inverlaggan

Ijumaa ya tarehe 30 Agosti 2024, Bi Ishbel Gillanders atakabidhi funguo za ofisi ya Ukumbi wa Inverlaggan, baada ya kuutumikia kwa miaka thelathini na mitatu na miezi mitano. Aliajiriwa Machi 1991 kuwa katibu wa ukumbi, na cheo chake hakijabadilika tangu siku hiyo, ingawa kazi zake zimeongezeka hata hakuna anayekumbuka zilikuwa ngapi mwanzoni.

Kamati imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa naye ofisi moja kwa miaka kumi na tisa, meza yangu ikitazama mgongo wake. Ningependa wangemchagua mwingine. Kati ya wafanyakazi wote, mimi ndiye niliyewahi kumshuku, na sijawahi kulisema hadharani. Yeye mwenyewe ameusoma wasifu huu kabla haujachapishwa, akasahihisha tarehe mbili, na kuniambia mengine niyaache yalivyo.

Kazi iliyomjengea jina ni kuajiri waita dansi. Ceilidh, ile sherehe yetu ya dansi za Kiskoti, bila mwita dansi ni watu mia moja waliovaa vizuri wakigongana. Lazima awepo mtu jukwaani wa kuwaambia nani amshike nani, wageuke lini na waachane lini, wakati fidla na kodiani zinaendelea. Bi Ishbel hakumchukua yeyote kwa sifa za kwenye karatasi. Alimwita kila mwombaji jikoni, akapanga vikombe vinane mezani, akamwambia, "Hawa hawajawahi kucheza. Wafundishe." Aliyeanza kuvisogeza vikombe taratibu, huku akivieleza, alipewa chai. Aliyejaribu kuonyesha kwamba anajua dansi hamsini alisindikizwa mlangoni kwa heshima. Kisha lilikuwapo swali la mwisho: watu wakikosea unafanya nini? Bwana mmoja kutoka Perth alijibu kwamba huwapigia kelele mpaka waaibike. Bi Ishbel alimshukuru kwa kuja, akavirudisha vikombe kabatini kabla hata bwana huyo hajavaa koti.

Aliyempenda kuliko wote ni Mzee Erchie Rattray, fundi wa kuezeka mapaa, ambaye sauti yake ilifika hadi maegesho ya magari bila kipaza sauti. Alituitia dansi kwa karibu miaka ishirini. Hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia.

Kuanzia mwaka 2007 hivi, Bi Ishbel aliacha kucheza. Mwanamke ambaye zamani hakukosa dansi hata moja sasa alisimama ukutani, karibu na kipasha joto, akitazama jukwaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mikono yake haikutulia. Mara ashike kola, mara akunje mikono, mara aguse sikio. Na Mzee Erchie naye hakumtazama mtu mwingine. Dukani watu walishaamua ni mapenzi: yeye mjane, Erchie kafiwa na mke, na kila Jumanne mzee alimletea ofisini samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mimi sikuamini mapenzi. Niliamini kuna jambo, ila sikujua ni jambo gani, na hilo lilinisumbua zaidi.

Kisha Mzee Erchie akaanza kukosea. Mei 2010, katika ile dansi ambayo mistari miwili hutazamana na jozi moja huzungushana kushuka hadi mwisho, alitoa amri kabla ya wakati. Mistari ikavamiana. Bi Netta Coull wa posta alianguka, akavunjika kifundo cha mkono. Kamati ikakutana na kumwagiza Bi Ishbel atafute mwita dansi mwingine kabla ya sherehe ya miaka mia ya shule, Septemba.

Mwezi wa Juni alileta jibu. Aliwaambia wajumbe kwamba amewapigia simu waita dansi watatu, akawataja, na kwamba wote wamekataa. Likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Niliyeandika ni mimi.

"Wote watatu?" nilimuuliza tuliporudi ofisini.

"Wote watatu, Fergus. Unataka nikuandikie barua ya kiapo?"

Alikuwa amenipa mgongo, kama kawaida, lakini siku hiyo hakugeuka hata kidogo. Alipokwenda kula mchana nilichukua daftari lake la simu, nikawapigia wote watatu, wa Elgin, wa Nairn na wa Grantown. Wa kwanza alisema hajapigiwa na mtu wa Inverlaggan kwa miaka sita. Wa pili alisema yuko tayari hata kesho. Wa tatu alidhani tumeufunga ukumbi.

Sikumwambia mtu. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, nikimtazama mgongo na kujiuliza mzee yule anamlipa fadhila gani, au anamshikia siri gani. Mwishowe nilifanya kitu ambacho sikuwa na mamlaka nacho. Nilimpigia mwita dansi wa nne, mwalimu kijana wa Dingwall aitwaye Mhairi Sangster, nikamwajiri kwa siku ileile ya sherehe, bila kumwambia Bi Ishbel. Nilitaka waita dansi wawili wafike pamoja, watu wote wakiwapo, ili aeleze mbele yao.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Mvua ilikuwa ikinyesha, na ukumbi ulijaa watoto, wazazi na wazee waliosoma shule hiyo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mhairi alifika na kipaza sauti chake mfukoni. Nilimkalisha nyuma kabisa, chini ya makoti yaliyolowa.

"Tazama kwanza," nilimwambia. "Nitakuita."

Alitazama dansi mbili. Kisha akanivuta mkono.

"Bwana Fergus, yule mzee hasikii."

"Hasikii vipi? Sauti yake inapasua madirisha."

"Sisemi sauti. Fidla imemaliza mzunguko, yeye hana habari. Anamsubiri yule mama wa pale ukutani. Mama akishika kola, ndipo anatoa amri. Akikunja mikono, ananyamaza. Yule mama ndiye masikio yake."

Nilitazama mwenyewe. Kola. Amri. Mikono. Kimya. Miaka mitatu nilikuwa nimeyaona yale yote na sikuwahi kuyaunganisha. Hata ile siku ya Mei nikaikumbuka upya: mtoto wa mtu alimwaga maji ya limau, Bi Ishbel akainua mkono kujikinga, ukagusa kola, na Erchie akadhani ameambiwa atoe amri.

Wakati wa chai nilimfuata jikoni. Alikuwa akijaza birika, na biskuti za siagi zimepangwa mbele yake.

"Bi Ishbel, yuko mgeni nyuma ya ukumbi. Mimi ndiye..."

"Mhairi Sangster," alisema. "Alipiga simu Alhamisi, wewe ukiwa kwa daktari wa meno. Aliuliza kama jukwaa letu lina soketi. Nikamwambia ziko mbili."

"Ulijua? Kwa nini hukumzuia?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa nimeshindwa." Aliweka birika chini. "Masikio yalipoanza kumwisha, Erchie aliniahidisha jambo moja. Siku atakapokuwa hatari kwa watu, nimwambie mimi, asiambiwe na kamati. Netta alipoumia niliinuka kwenda kumwambia. Nikafika hadi kwenye lango lake. Nikarudi nyumbani, nikatunga ile hadithi ya watu watatu."

Wakati huo Mzee Erchie aliingia kuchukua chai yake. Bi Ishbel alijifuta mikono, akaenda kusimama mbele yake karibu kabisa, ili aione midomo yake.

"Erchie," alisema. "Siku yenyewe ni leo."

Mzee alimwangalia. Alichukua kikombe, akatia sukari, akakoroga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umechelewa, Ishbel," alisema hatimaye. "Mkono wa Netta ulivunjika Mei. Sasa ni Septemba. Miezi yote hiyo nimelala nikijiuliza ni mimi au si mimi."

"Ni sote wawili. Niliogopa ukiacha kuita, hutakuja tena."

"Nisije? Nitakwenda wapi mimi Jumamosi?"

Alikunywa chai yake yote akiwa amesimama. Kisha akauliza huyo mwingine yuko wapi, maana alijua kwamba Ishbel asingemwondoa jukwaani pasipo mtu wa kupanda. Nikaenda kumleta Mhairi. Mzee alimshika bega, akapanda naye jukwaani, na akasema kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza sauti:

"Jamani, masikio yangu yamestaafu kabla yangu, na mimi nikayaficha. Netta, kosa lile lilikuwa langu, na ninakuomba radhi mbele ya watu hawa. Huyu binti anaitwa Mhairi. Msikilizeni yeye."

Netta alisimama. Mkono wake bado ulikuwa umefungwa bendeji. Alivuka ukumbi hadi chini ya jukwaa.

"Shuka basi ucheze na mimi," alisema. "Huu mkono mwingine ushike kwa adabu. Na wewe Ishbel, sasa najua kwa nini ulishikashika kola pale ukutani miaka mitatu; umetuficha, ngoja zamu yako."

Akashuka. Hakuna aliyewahi kumwona Mzee Erchie akicheza, kwa kuwa siku zote yeye ndiye aliyekuwa akiita. Alivua viatu, akacheza na soksi, na aliponiona nashangaa akaniambia mbao za sakafu zinatosha, mdundo anaupata kwenye nyayo. Hakukosea hata hatua moja. Dansi iliyofuata alimchukua Bi Ishbel, na watu wa dukani wakapata la kuzungumza hadi Krismasi.

Jumatatu Bi Ishbel aliiandikia kamati. Alieleza kwamba wale watu watatu hakuwahi kuwapigia, akaomba kumbukumbu za Juni zisahihishwe, na akaambatisha barua ya kujiuzulu. Wajumbe walibishana saa mbili. Mmoja alitaka aondoke siku hiyohiyo, na sina budi kusema kwamba hakuwa amekosea kutaka hivyo, maana mtu alikuwa ameumia. Mwishowe barua ilirudishwa na akapewa onyo la maandishi. Onyo hilo limo kwenye faili lake hadi leo. Ameniomba nilitaje, nami nimelitaja.

Nami nilimwomba msamaha kwa kupekua daftari lake.

"Nilikutegemea," alisema, bila kugeuka. "Mtu anayehesabu vijiko vya ukumbi kila Ijumaa hawezi kuuacha uongo kama ule."

Tangu hapo amefanya kazi miaka kumi na minne mingine. Ameongoza ukarabati wa paa, ameanzisha dansi ya Jumatano kwa wasiosikia vizuri, ambayo sasa huleta watu kutoka vijiji vitano, na hajamdanganya tena mjumbe yeyote, labda kuhusu umri wake tu. Mhairi Sangster bado ndiye mwita dansi wetu. Mzee Erchie alihudhuria kila Jumamosi, akicheza na soksi, hadi alipofariki mwaka 2018. Bi Ishbel ndiye aliyesoma maneno ya kumuaga, akayasoma polepole, akitazama watu usoni.

Wiki iliyopita aliniambia kwamba kuajiri waita dansi sasa ni juu yangu. Nilimuuliza nitamjuaje anayefaa. Alifikiri kidogo, akasema nisiwaulize chochote kuhusu dansi. Niwaulize ni lini mara ya mwisho walimwambia rafiki yao jambo gumu, na walichukua muda gani kulisema.

Bi Ishbel, kwa niaba ya kamati, wafanyakazi na kila mtu uliyemfundisha kugeuka kulia, tunakushukuru. Lala asubuhi mpaka uchoke, lima bustani yako, umtembelee dada yako Orkney bila kuangalia saa. Simu ya ukumbi ikilia, usiipokee. Tutajitahidi.

Fergus Mutch
Karani, Ukumbi wa Inverlaggan