Keziya Abwoli na Msitu wa Nyabuhere

Ndugu, jamaa na majirani, na nyinyi mliofika kutoka Hoima mjini mkiwa na matope hadi magotini, poleni na karibuni. Tunayemsindikiza leo ni Keziya Tibasiima Abwoli, mke, mama na bibi yetu. Alituonya mapema kwamba akisomewa wasifu wa kununa atainuka aondoke zake. Kwa hiyo atakayecheka asione haya, ametumwa na mwenye shughuli.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Kyabikonda, mtoto wa nne wa Mzee Erisa Mugenyi na Mama Losira Kabonesa. Siku ya kumpa empaako, lile jina la heshima na mapenzi ambalo bila hilo Mnyoro hawezi hata kusalimiwa vizuri, shangazi zake walibishana mpaka ugali wa ulezi ukapoa. Wakakubaliana awe Abwoli. Mpaka uzeeni, mtu akimwita Keziya tupu alijua kuna ugomvi.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hadi darasa la sita, mwaka 1965, akaacha baba yake alipougua. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kusoma kwa sauti hakuwa na mpinzani. Somo la Jumapili lilikuwa lake hadi macho yalipomkatalia.

Kazi yake ilikuwa kusuka vikapu na mikeka. Ukindu aliukata katika msitu mwembamba nyuma ya nyumba, unaofuata kijito cha Nyabuhere. Humo wanaishi sokwe, nao wanakula moyo wa mikindu ileile. Msimu wa matunda ya mwituni ukiisha hukwea mifenesi yetu bila kupiga hodi. Marehemu alikuwa na utaratibu wake. Mfenesi wa ukingoni mwa msitu ulikuwa wa kwao. Ule wa jikoni ulikuwa wa nyumba, na matunda yake yalichumwa kabla hayajaanza kunukia. Akikutana nao njiani hakukimbia wala hakurusha jiwe, alipisha. "Wao wanapita kwao," alikuwa akisema. "Mwenye jembe ndiye mgeni."

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na Mzee Yosamu Kyalisiima Araali, mtu asiyependa kutumia maneno kama vile yananunuliwa dukani. Walijaliwa watoto watano. Waliosema ndoa ya msemaji na bubu haitafika mbali, wengi wao wametangulia, na ndoa ilikuwa bado inadunda.

Sasa habari ya Zabuloni Amooti, mdogo wake Mzee Yosamu. Yupo pale mbele, amevaa kofia, na tumemwomba ruhusa. Asubuhi moja ya mwaka 1988, ukungu ukiwa mzito, alikuja kumsalimia kaka yake akipitia kijitoni. Akamwona mtu amekaa chini ya mikindu, amempa mgongo. Zabuloni, mtu wa adabu, akasimama kumuuliza empaako yake ili amsalimie inavyostahili. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akafika nyumbani anatoka moshi.

"Abwoli! Watu gani hawa mnaowakaribisha huku? Namuuliza mtu empaako, ananigeukia, ananitazama, halafu anajikuna kwapa!"

"Pole, shemeji. Alikuwa amevaaje?"

"Koti jeusi, zito."

"Na suruali?"

Zabuloni akageuka kutazama njia aliyokuja nayo. "Suruali sikuangalia," akasema.

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini jikoni. Kisha akasema ni aibu kuwa na jirani asiye na empaako. Akapika ugali wa ulezi na firinda, yale maharage yetu yaliyomenywa na kupondwa kwa samli, akaita majirani. Wakakaa mkekani kama inavyofanywa kwa mtoto mchanga, kila mmoja akapendekeza jina. Yule sokwe dume mkubwa akawa Apuuli. Kuanzia siku hiyo Zabuloni alilazimika kumsalimia kila alipopita, na amekuwa akifanya hivyo, mwacheni akatae.

Lakini msitu ule haukuwa wa mchezo tu. Majirani walikuwa wakifyeka vipande vyao vya msitu kando ya kijito, mmoja baada ya mwingine, kwanza kwa tumbaku, baadaye kwa miwa. Kila kipande kilipoondoka, sokwe walisongamana kwetu, na wenye njaa hawana subira. Mtoto wa jirani alikwaruzwa vibaya mkono alipokwenda peke yake kuteka maji. Marehemu ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, akilia njiani kuliko mtoto. Watu walimwambia usoni, "Abwoli, unafuga maadui." Hakubishana nao. Aliwasumbua wanaume wa ukoo mpaka wakachimba kisima huku juu, mbali na kijito, na akasimama na fimbo kuhakikisha hakuna mtoto anayeteremka kule bila mtu mzima.

Ardhi ni ya Mzee Yosamu, na neno la mwisho lilikuwa lake. Kila kiangazi marehemu alipika firinda, akaketi karibu naye, akaanza kubembeleza. "Araali wangu, msitu hutaukata, sivyo?" Naye alijibu neno moja tu: "Mwakani." Hakuna aliyejua maana yake ni mwakani nakata, au mwakani tutazungumza. Neno hilo lilimkosesha raha mama wa watu miaka yote.

Mwaka 2009 ukoo ulileta wapasua mbao na msumeno wa injini, na Mzee Yosamu hakuwakataza. Marehemu hakupiga kelele. Alikwenda akakalia gogo palepale walipotaka kuanzia.

"Kateni," akawaambia. "Ila kwanza mmoja wenu akamwite Apuuli kwa empaako yake, kwa heshima, amwambie ahame."

Wanaume wakatazamana. Kumtaja mtu kwa empaako na papo hapo kumfukuza kwake, nani ana uso huo? Wote wakamgeukia Zabuloni.

"Msinitazame mimi," akasema Zabuloni. "Mimi na yule bwana hatujawahi kusikilizana."

Hata wapasua mbao walicheka. Marehemu akawapikia, wakala, wakashiba, wakaondoka na msumeno wao. Jioni marehemu akamuuliza mumewe ana neno gani. "Mwakani," akasema Mzee.

Presha ilimwanza mwaka 2017. Mwezi Aprili mwaka huu wa 2023 alipata kiharusi, mkono wa kusuka ukalegea, akahamishia kazi yote kwenye ulimi. Siku ya mwisho hospitalini alimshika Mzee Yosamu mkono, akamuuliza lile swali lake. Mzee alilia tu. Tarehe 2 Juni, asubuhi, akatuacha.

Ameacha mume, watoto watano, wajukuu na vitukuu wengi wenye kelele kama zake, shemeji yake Zabuloni Amooti, na jirani zake wote wa Nyabuhere. Wale wa kijitoni tuliwasikia jana alfajiri wakipiga kelele zao. Mfenesi wao umeiva, na walikuwa na furaha.

Karatasi hizi zilikuwa njiani kwenda kuchapwa jana Mzee Yosamu alipotusimamisha. Alisema tuandike haya, yasomwe mbele ya ukoo na majirani, na asibadilishiwe hata neno:

"Abwoli, msitu hautakatwa. Siku ile ulipokalia gogo ndipo nilipokata shauri. Sikukwambia kwa sababu nilijua ukishapata jibu hutakuja tena kukaa karibu yangu kunibembeleza. Nisamehe, mke wangu."

Lala kwa amani, Abwoli. Umejibiwa.